Mkasi wa Shoto

Mume wangu alikata, mimi nikashona. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu tulipokifanya chumba cha mbele kuwa karakana, na mtaa mzima ulijua: ukitaka gauni likukae, mpe Shoto kitambaa, ukitaka lisifumuke, mshukuru mkewe. Mkasi wake mkubwa haukuguswa na mtu, hata mimi. Mafundi wengi wako hivyo, ila yeye alizidi. Aliuviringisha kwenye flaneli kama mtoto mchanga, akaulaza juu ya kabati.

Tulipomzika, sauti yake ilibaki. Mchana, nyumba ikitulia, nilisikia mkasi ukila kitambaa karakanani: kra, kra, kisha kimya kifupi, kile alichovutia pumzi kabla ya kukata mzunguko wa kwapa. Nikiingia, meza tupu.

Basi nikawa fundi wa viraka. Kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Shemeji yangu, fundi simu, akaanza kuja kuzipima kuta kwa macho.

"Shemeji, cherehani bila mkataji ni ngoma bila mpigaji," akasema. "Niachie chumba. Wewe nitakupa kona pale dirishani."

"Kona ya kufanyia nini?"

"Viraka vyako."

Kabla sijamjibu, akaingia muuguzi, mteja wetu wa zamani, na kitambaa cha zambarau kwapani. Akauliza kwa kusitasita kama bado tunashona magauni.

"Tunashona," nikasikia mdomo wangu ukisema.

"Binti yangu anaolewa. Mama wa bibi harusi ndiye mimi, usinitoe kama godoro lililofungwa kamba!"

"Utapendeza mpaka bibi harusi akununie."

"Haya. Vipimo vyangu mnavyo, Jumamosi nakuja kuangalia. Nikikikuta kitambaa hakijakatwa, naondoka nacho."

Shemeji akacheka hadi mlangoni. "Na akiondoka nacho, Jumapili mimi nahamia."

Nilipanda kiti, nikaushusha mkasi. Mama mkwe, niliyeishi naye nyumba moja, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umemwomba?"

"Nani, mama?"

"Mwenyewe."

Nilijaribu kwanza kwenye pazia kuukuu. Nikabana. Pazia halikukatika, lilijikunja kati ya makali, likatafunwa. Nikachukua shuka, ikawa yaleyale. Mama mkwe akatikisa kichwa.

"Hajaridhia. Mwanangu tangu mdogo hakutaka kitu chake kishikwe."

Nami nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Alipotoka niliendelea kwa ubishi tu, hadi kidole gumba kikatoka lengelenge. Hapo nikauhamishia mkasi mkono wa kushoto, nia yangu kuupumzisha wa kulia. Nikabana.

Kra. Shuka ikafunguka kama maji.

Nikauinua kwenye mwanga. Makali yalikuwa yamepandana kinyume na mikasi mingine yote. Ulikuwa umetengenezwa kwa mtu wa mashoto. Miaka yote nimelala na mtu wa mashoto, na haikunijia akilini kwamba mkasi nao una mkono wake! Nikacheka peke yangu, huku nikikata.

Kisha kicheko kikaniisha. Mkono wa kushoto ulikuwa umelivuta bega langu likashuka, kichwa kikalala upande, mguu ukarudi nyuma. Nilikuwa nimesimama kama yeye, nimeupa mlango mgongo kama yeye. Nikafika pa kukata mzunguko wa kwapa, nikajikuta navuta pumzi.

"Shoto?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilipogeuka, uso wake ulikuwa umechanua kama wa msichana. Halafu ukaporomoka.

"Ni mimi, mama."

"Najua." Akaliweka sinia chini polepole. "Geuka tu ulivyokuwa. Endelea."

Ningemnyimaje? Niliendelea. Kesho yake alikuja na kigoda, akakaa, akaanza kuongea na mgongo wangu. Aliusimulia mambo ya majirani. Akauuliza kama goti limepoa. Goti langu halijawahi kuuma.

"Limepoa, mama," nikamjibu, na sauti niliyomjibia haikuwa yangu.

Mkono ulijifunza upesi mno. Kufikia Ijumaa ningeweza kulikata gauni la muuguzi, na asingejua kama si Shoto aliyelikata. Chumba kingebaki kuwa changu. Ila mchana ule, katikati ya chakula, nilitazama sahani yangu, nikaona kijiko nimekishika kwa kushoto.

Niliinuka bila kumaliza, nikaenda dukani, nikanunua mkasi wa kawaida.

Jumamosi asubuhi niliigeuza meza ili nikikata niutazame mlango. Nikakitandaza kitambaa cha zambarau, nikachora kwa chaki. Mama mkwe akaja na kigoda chake, akasimama kizingitini.

"Mbona umegeuza meza?"

"Nataka mwanga, mama."

"Na huo mkasi?"

"Wangu."

Midomo ilikuwa ikimcheza. "Kata kwa ule wake, mwanangu. Leo tu. Nimemwahidi nitakuja."

Ningeweza kugeuka. Hatua moja tu, na angempata mtoto wake. Nikauingiza mkasi mpya kwenye ukingo, kwa mkono wa kulia, nikabana. Ulikata. Ukapinda nje ya chaki, nikaurudisha, ukapinda tena. Nilikuwa nimeacha nafasi ya mshono ya kutosha, nikajua gauni litapona. Sura ya ukataji, hata hivyo, ilikuwa ya mwanafunzi.

"Mwanangu asingekata hivyo," akasema.

"Kweli, mama. Asingekata hivyo."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu maziko, kama mtu anayejaribu kukumbuka amenijulia wapi.

"Umekonda," akasema. "Umekula?"

"Bado."

Nje, muuguzi alikuwa akipiga hodi, na sauti ya shemeji ilikuwa ikimkaribisha kwa furaha isiyo yake. Mama mkwe hakusogea. Macho yake yalipita juu ya bega langu, yakatua nyuma yangu, pale penye ukuta mtupu. Akakunja uso kama anayemkemea mtoto mkaidi.

"Sogea," akauambia ukuta. "Unamzibia mwanga."

Sikugeuka kutazama. Nikainama, nikakata.