Ngege Niliyempeleka Ofisi ya Walimu

Mimi Skolastika niliishia darasa la tano, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane. Nauza samaki wa ziwani soko la Mwanga. Kila alasiri Asia, binti wa Omari, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, alikuwa anakuja mezani kwangu na madaftari yake ya darasa la sita, tunafanya maswali ya nyumbani: sayansi, maarifa ya jamii, yote. Yeye anasoma, mimi naparua magamba, tunabishana. Sikuwa na saa niliyoipenda kama hiyo.

Jumatatu akaja analia. Sayansi, arobaini na nane kwa mia.

"Baba kasema nisipofika hamsini naenda tuisheni. Sitakuja tena kwako, bibi."

Nikaivuta karatasi. Swali la tatu: samaki wote hutaga mayai na kuyaacha, kweli au si kweli? Asia kaandika si kweli, mwalimu kamkosesha! Ala! Ngege anabeba watoto wake mdomoni, nani wa ziwa hili asiyejua? Na swali lenyewe lina alama mbili, zile zile anazozidai baba yake.

"Mwalimu akikosea aambiwe," nikamwambia Asia. "Futa machozi."

Asubuhi nikanunua ngege jike, mzima, nikamtia kwenye ndoo ya maji, nikaingia ofisi ya walimu na aproni yangu na harufu yangu yote.

"Shikamoo mama," akasema Mwalimu Leodgar, mkono puani.

"Marahaba. Muite Asia, halafu uangalie humu."

Asia alipofika nikambana ngege taya. Vikatoka vitoto vidogo kama chawa, vikatapakaa ndooni. Mwalimu akainama mpaka tai ikalowa.

"Haki ya Mungu, sijawahi kuona," akasema. Ni mtu wa Singida, hakukulia ziwani kwetu, nikamsamehe. Akachukua kalamu, akaweka vema, akaandika hamsini.

Nilikuwa nakaribia kupiga vigelegele, Asia akanyoosha kidole.

"Mwalimu, namba nane umenipa vema, lakini kitabu kinasema mamba ana ulimi. Mimi nimeandika hana."

Mungu wangu! Nilitamani kumfinya.

"Nani alikwambia hana?" akauliza mwalimu.

Mtoto akaangalia ndoo.

"Mimi," nikasema. "Kwetu Ilagala wote tunasema hivyo. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha, na mimi siendi."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza, kisha akafuta. Arobaini na nane.

Tulipotoka nje nikamgeukia Asia. "Una wazimu wewe? Si ungefumba mdomo!"

"Lakini bibi, si ulisema mwalimu akikosea aambiwe?"

Hasira zikaisha, ukabaki uchungu. Nikaenda mwenyewe kwa Omari, nikamwambia yule mamba ni wangu, si wa mtoto. Hakuinua hata kichwa kwenye cherehani.

"Hamsini ni hamsini, mama."

Sasa alasiri naparua peke yangu, na kumbe kazi hii inachosha. Jana Asia alipita mbio na begi lake la tuisheni, akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Bibi! Mwalimu wa tuisheni anasema popo ni ndege!"

Nikaweka kisu chini. "Anakaa wapi huyo?"