Abeli Yuko Zombo

Stefano alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akijifuta viganjani masizi ambayo hayakuwepo.

"Sista, Abeli yumo kwenye miwa. Wamewasha moto na mtu yumo."

Yudith alichuchumaa ili macho yao yalingane. Chuo cha uuguzi kilimfundisha hivyo: usimsimamie mgonjwa kichwani, usimbishie, wala usimkubalie. Kazi hiyo aliimudu, na alijivunia.

"Naona unaogopa, Stefano. Lakini mimi simsikii huyo Abeli."

"Mimi nilimsikia. Aliniita kwa jina."

Aliyemleta pale kituo cha afya Mikumi ni Mzee Fortunatus, mwenye shamba la miwa kule Kidodi ambako Stefano alikuwa mkata miwa. Mtu mwema, kila mtu alisema. Alileta kreti za soda, akaahidi kuezeka upya paa la wodi.

"Kijana alichanganyikiwa siku tulipochoma shamba ili tuanze kukata," alieleza. "Huyo Abeli ni kibarua tu, alikwisharudi kwao Zombo. Akianza habari za moto, msibishane naye. Mtulizeni."

Hakuna aliyekwenda kuulizia huko Zombo. Mtaani lisemwalo lipo. Wodini lisemwalo ni dalili. Yudith aliliwaza hilo, akaogopa, akalinyamazia. Mwenye nguvu mpishe, na paa lilikuwa linavuja.

Kila Stefano alipoitaja miwa alidungwa sindano. Ulimi ukawa mzito, mate yakamchuruzika. Na kila asubuhi mganga mfawidhi, Tumwagile, alisimama mlangoni.

"Abeli yuko wapi?"

"Kwenye miwa."

"Bado huyu," alisema Tumwagile, akaenda zake.

Stefano alitaka kwenda nyumbani. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Yudith alimhurumia kweli. Alikaa naye, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba anayetaka kuruhusiwa hujibu wanavyojibu waliopona. Alimfundisha kama mtoto anavyofundishwa sala.

"Abeli yuko wapi, Stefano?"

Alijifuta tena viganja. "Yuko Zombo."

"Umeona," akasema Yudith. Tangu siku hiyo alianza kunusa miwa iliyoungua kila alipokunja mashuka.

Siku ya kuruhusiwa, Stefano alikuwa amekaa kitandani na shati safi, akisubiri kuulizwa kwa mara ya mwisho. Mama mmoja akaingia, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," Yudith alisema.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Stefano. Nasikia alikuwa anakata miwa na mwanangu Abeli. Nimekuja kumuuliza mwanangu yuko wapi."

Tumwagile alikuwa amekwishafika mlangoni. Yudith aliona aibu, akaokota shuka, akaanza kulikunja. Stefano alimtazama yule mama, akamtazama Tumwagile, kisha akamtazama Yudith, mwalimu wake. Viganja vikaanza kusuguana.

"Abeli yuko Zombo, mama."

"Zombo ndiko ninakotoka," mama akasema.

Tumwagile aliitikia kwa kichwa. "Amepona," akamwambia Yudith. "Mfungulie geti."