Greda Nzima

Kamanthe alikaza nati ya mwisho, akapiga magoti kwenye tope la yadi ya idara ya barabara na kuinua mkono.

"Washa, mzee!"

Nzioka, aliyeiendesha greda hiyo kwa miaka kumi na minne, akawasha injini. Mvua za El Nino zilikuwa zimekwisha, lakini barabara ya Kathiani ilibaki imekatika mahali pawili, na wagonjwa walivushwa korongo kwa viti. Greda ya pekee ya yadi ilikuwa imelala wiki tatu. Bledi yake, lile koleo pana la kukwangua barabara, ikigusa udongo ilikosa nguvu kabisa.

Mafuta yanayosukuma bledi yalipopata joto sawasawa, Kamanthe aliinamia testa, kisanduku cha chuma chenye saa mbili za kupimia, alichokifunga kwenye bomba la pampu. Moja ilionyesha mafuta yanapita kiasi gani, nyingine yanasukumwa kwa nguvu gani. Lita mia na kumi kwa dakika. Akazungusha kitasa polepole, akiikaba njia ya mafuta kana kwamba bledi inasukuma mzigo. Nguvu ikapanda hadi bar mia na hamsini. Mtiririko ulishuka kidogo tu, lita mia na nne.

"Pampu iko sawa!" akapaza sauti. "Ingekuwa imeisha, lita zingeanguka hapa."

Injini ikazimwa, akaihamisha testa mbele ya vali ya usalama, ile inayorudisha mafuta tangini nguvu ikizidi, ikawashwa, akapima tena. Hata bar sitini haikufika, mtiririko ukaporomoka. Mafuta yalikuwa yakitoroka kurudi tangini kabla ya kufanya kazi. Aliifungua vali, akakuta kipande cha chuma chembamba kama ukucha kimeizuia isifunge. Akakitoa, akasafisha, akarudisha kila kitu mahali pake.

Nzioka alivuta wenzo. Bledi ikashuka, ikajikita ardhini, ikaendelea kusukuma mpaka magurudumu ya mbele yakainuka.

"Asi!" mzee akacheka kama mtoto. "Kesho niko Kathiani."

Kicheko kilimfikia Jeremiah, mkuu wa yadi, akatoka ofisini na fomu mkononi.

"Nani alikwambia upime?"

"Si ndiyo kazi yangu, bosi? Ilikuwa ni vali tu. Angalia, inafanya."

"Naona." Akampa fomu. Ilikuwa imeshapigwa chapa: pampu imekufa, greda haifai kutengenezwa, iuzwe mnadani. Tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita. "Sahihi ya fundi ndiyo imebaki."

Kamanthe aliandika pembeni, kwa kalamu yenye grisi: lita 110, lita 104, pampu nzima.

Jeremiah aliisoma bila kukasirika, akaikunja, akatoa nyingine mfukoni.

"Niko na fomu nyingi, Kamanthe. Na niko na ile orodha ya kupunguza watu. Hapo kwa mafundi bado sijaandika jina. Wewe ni mjane, una watoto watatu. Sitaki kukuandika."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Kamanthe alitafuta macho ya Nzioka, lakini mzee alikuwa anaangalia usukani. Akaiweka fomu juu ya testa, ambayo bado ilikuwa na joto, akatia sahihi.

Siku ya mnada, mnunuzi hakuleta lori la kuibeba. Dereva wake aliiwasha tu, akatoka nayo langoni, bledi imeinuliwa juu vizuri.

Jumatatu iliyofuata barua ya kupunguzwa kazi ilikuja moja tu. Ilikuwa ya Nzioka. Yadi isiyo na greda ingemfanyia nini dereva wa greda?

Alikuja karakana amevaa koti la kanisani, barua iko mfukoni. Kamanthe alisimama.

"Mzee, mimi..."

"Wacha." Alingoja fundi mwingine apite na tairi lake. "Ile greda ilikuwa nzima, ama?"

"Ilikuwa nzima."

"Haya. Wameandika hapa ilikufa mikononi mwangu. Nilitaka tu mtu mmoja aseme."

Akavaa kofia, akaanza safari ya Kathiani kwa miguu.