Kidole Kimoja kwenye Nyuzi za Juu

Kama una mtoto anayejifungia kwenye chumba cha chini ya nyumba na gitaa la besi, kabla hujashukuru kwamba hayuko mitaani, mwangalie mkono wake wa kulia. Usimwulize, maana atakudanganya. Mwangalie anavyoshika uma. Haya nimeyaona nyumbani kwangu, hapa Detroit, kwa binti yangu Kezia, na sitaki uyaone kwako.

Kezia ni dereva wa gari la vifurushi. Ni mtu mzima mwenye akili zake, ila ukimtajia besi za zamani akili zote zinaruka. Hizi za siku hizi, zenye mlio wa kung'aa kama sufuria mpya, hazitaki. Anataka ile ya sahani za santuri za baba yangu, besi nene na fupi, inayokugonga kifuani kwanza ndipo sikio lipate habari. Nami siwezi kumlaumu, nimekulia humo. Wanaume waliopiga kwenye sahani zile walitoka kwenye besi kubwa za kusimama nazo, wakapewa hizi za umeme, wakaendelea na kidole kile kile kimoja cha shahada, vingine vimelala tu. Kwa kidole hicho waliwafanya wazee wa kanisa waache sahani zao za chakula na kusimama. Mpaka leo nikiusikia mlio ule jikoni, kiuno kinaitikia kabla mimi sijaamua.

Sasa, kanisani kwetu yuko Bi Earline Tibbs. Zamani alikuwa mwimbaji wa kweli, wa santuri na safari za bendi. Mwaka huu alitaka kuziimba upya nyimbo zake studio, pumzi ingali ipo. Mpiga besi wake, Lucius, alishafariki, na kila kijana aliyemjaribu alimrudisha kwao. Mmoja aliyepiga vizuri sana, Bi Earline alimwambia, "Mwanangu, wewe ni hodari, lakini kila nikitaka kuvuta pumzi nakukuta umekaa hapo." Kisha akamwambia Kezia, mbele yangu, kwamba baada ya Pasaka atamsikiliza yeye, hapo hapo studio. Akimpenda, nyimbo zote ni zake.

Tangu siku ile nyumba haikuwa yangu tena. Sponji yangu ya kuoshea vyombo ilikatwa vipande na kusokomezwa chini ya nyuzi, pale zinapoishia, ili mlio usining'inie. Zile nyuzi zenyewe ni laini, hazina mikwaruzo, na ni za zamani kuliko gari langu. Kuzibadilisha ni dhambi. Kuzipangusa pia ni dhambi. Nilikaanga kambare siku ya Jumamosi, Kezia akala kwa mikono, akashuka chini na mafuta yake vidoleni. Nikamwambia anawe.

"Mama, tafadhali. Huo uchafu ndio mlio."

"Basi nenda kalale na mlio wako. Shuka zangu usiziguse."

Akacheka, nami nikacheka. Nakubali pia kwamba nilikuwa nakaa juu ya ngazi na kikombe changu cha chai kumsikiliza. Siku baada ya siku ile sauti ya sahani za baba ilikuwa inapanda kutoka chini, na mimi nilijivuna kama niliyeitengeneza mwenyewe.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Alizinyanyua nyuzi juu mno, penseli ingepita chini yake. Kuzikandamiza ilikuwa kama kukandamiza waya wa uzio. Aliniambia Lucius alipiga hivyo, vijana wote wanaozifuatilia besi hizi wanajua, ndiyo siri yenyewe: nyuzi juu, kidole kimoja, na nguvu. Nikamuuliza nani aliyesema nguvu. Akasema, si unasikia?

Wiki iliyofuata alianza kusalimiana kanisani kwa mkono wa kushoto. Nyumbani alikula kwa kushoto. Nilipomshika wa kulia kwa lazima, kidole cha shahada kilikuwa kimevimba mpaka kwenye kiganja, kina joto kama mkate. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kukauka, lakini hayo si kitu, ngozi huota. Kilichonitisha ni kwamba kidole kilipojikunja hakikunyooka mpaka akivute kwa mkono mwingine. Nesi wa kliniki alisema mshipa umechoka na unataka mapumziko, usipopumzishwa unaweza kubaki hivyo. Kezia aliitikia vizuri kabisa. Tuliporudi, akauchovya mkono kwenye barafu na kushuka chini.

Nilimfuata. Nikamwambia atakuja kushindwa kufunga vifungo vya shati lake. Akaniambia wazee wale walipiga huku wanatoka damu na hawakulalamika.

"Uliwauliza?" nikamwambia.

Akaendelea kupiga.

Siku ya studio nilimpeleka mwenyewe, maana usukani ulikuwa unamshinda. Thurman mpiga ngoma alikuwa ameshafika, ni mpwa wa Bi Earline, mtu mnene na mpole. Bi Earline alikuwa kwenye kiti kirefu, kofia kichwani. Kezia akaunganisha besi na wakaanza. Mlio ulikuwa ule wenyewe, naapa. Thurman alinitazama akatikisa kichwa kwa mshangao. Lakini katikati ya ubeti wa kwanza Bi Earline akanyanyua mkono, kila kitu kikanyamaza.

"Binti, unamgombeza nani?"

Kezia akasema anapiga kama Lucius.

"Lucius hakumgombeza mtu. Lete huo mkono."

Akaushika, akausikia joto lake. Akaugeuzageuza. Kisha akatusimulia, kwa sauti ya chini, kwamba nyuzi za Lucius zilikuwa juu kwa sababu shingo ya gitaa lake ilipinda. Lilisahauliwa ndani ya gari safarini, kwenye baridi, na hakukuwa na nafasi ya kulipeleka kwa fundi, bendi ikiwa barabarani kila siku. Alilitukana kila jioni kabla ya kupanda jukwaani. Akazoea, akalipigia hivyo miaka. Uzeeni, Bi Earline ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya shati.

"Nyie mmechukua ugonjwa wake mkaufanya siri," akasema. "Alichokuwa nacho kilikuwa mkono wa kushoto. Huu wa kulia unaweka noti ya wimbo mezani, basi. Wa kushoto ndio unaoiondoa ili mimi nipate pa kupumulia."

Kezia alikuwa na machozi, lakini alibisha kidogo, huo ni ukweli. Alisema nyuzi zikishuka mlio utapotea. Thurman akatafuta bisibisi bila kuombwa, akazishusha. Sponji waliiacha, Bi Earline alisema hiyo ni sahihi, na uchafu pia uachwe.

Wakaanza tena, mashine ikirekodi. Kwa jinsi kidole kilivyouma, Kezia hakuwa na uwezo wa kupiga kwa nguvu hata kama angetaka. Kidole kiliangukia kwenye uzi tu, kama mtu anayegusa bega la mwenzake njiani. Lakini ule unene ulikuwepo wote. Kisha nikaanza kusikia nilichokuwa sijakisikia kwenye sahani za baba kwa miaka yote: noti inakuja, inafanya kazi yake, inazimwa, na pale ilipozimwa Bi Earline anavuta pumzi. Besi ilimpisha kila alipotaka kupita. Sauti yake ya uzee ikasimama wima kabisa kwenye ile nafasi. Thurman alifumba macho. Mimi nilisahau kwamba nina mtoto mgonjwa, nikatingishika kwenye kiti kama mjinga, mpaka wimbo ulipoisha.

Halafu kidole hakikunyooka. Kezia alikivuta, kikakataa. Alijaribu kukificha nyuma ya gitaa.

Bi Earline akamwambia wimbo ule unabaki na utatoka hivyo hivyo. Hizo nyingine atapiga jamaa mmoja wa Inkster, mji wa jirani, si mzuri kama yeye, lakini mkono wake mzima. Kezia akaomba jioni tu apumzike, kesho arudi. Bi Earline akasema, "Nilishamfunga vifungo mtu mmoja. Sikufungi na wewe."

Alilia njia nzima, na mimi nilikuwa nimeusikia ule wimbo na nilijua amekosa nini. Daktari amemfunga mkono na hajasema utafunguliwa lini. Kwa hiyo nakwambia wewe mwenye mtoto wa namna hii, mwache aupende mlio huo, hakuna kitu kizuri zaidi ambacho mji wetu umewapa watu. Lakini asiulipie kwa mkono, na asiige maumivu ya mtu akidhani ndiyo ufundi wake.

Jana aliniita chini. Akanikalisha karibu naye, besi mapajani mwake, mkono wa kushoto shingoni mwa gitaa, akaniomba nimvutie uzi mnene kwa kidole changu. Nikamwambia mimi sijui. Akasema sihitaji kujua, niuguse tu. Nikaugusa polepole. Ukalia mnene chumba kizima, na yeye akaunyamazisha.

"Tena," akasema.