Namba Iliyokuwa Ikishuka

Pale mtaani mke aliitwa Fundi na mume aliitwa Vifungo, na hakuna aliyeona ajabu. Mke ndiye aliyepima, akakata, akashona. Mume, tangu apunguzwe kazini ghalani miaka kumi na tisa nyuma, alipiga pasi, akatoboa matundu na kushonea vifungo. Kazi nyingine aliyojipa ni ya kuhesabu. Kila asubuhi aliandika kwa chaki ukutani idadi ya nguo zilizobaki kushonwa. Ikiisha moja, anafuta na kuandika namba pungufu. Namba ikishuka, moyo wake unatulia. Ikifika sifuri humwambia mkewe, "Mama watoto, vua miwani. Tumemaliza."

Mwaka huo Fundi alianza kupotea kidogo kidogo. Kwanza alishona zipu juu chini, wakacheka wote wawili. Kisha siku moja alimpima mteja mara tatu, na kila mara akamsalimia upya, na hapo hakuna aliyecheka. Binti yao, mpimaji wa maabara katika mji mwingine, akaja kumpeleka kwa daktari. Waliporudi alimvuta baba yake jikoni.

"Baba, ule mkasi uwekwe kando."

"Uwekwe kando na nani?"

"Na wewe. Wewe anakusikiliza."

"Mwanangu, ukimnyang'anya mama yako mkasi, umemnyang'anya mikono. Atabaki anaangalia dirisha."

Walibishana kwa kunong'ona, huku Fundi anawauliza kutoka chumbani kama chai imechemka. Mwisho wakakubaliana hivi: Fundi ataendelea na kazi ndogondogo, kupunguza suruali na kubadilisha zipu, lakini hatakata kitambaa kipya. Binti akaweka kwenye simu ya mama yake mchezo wa kuchangamsha akili. Picha zimelala kifudifudi, unafunua mbili mbili, unatafuta zinazofanana. Acheze kila asubuhi. Akifanya vizuri, habari ya kukata itazungumzwa tena.

Kitambaa cha kukata kilikuwepo tayari. Mwalimu, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa ameleta kitambaa cha kijani, zawadi ya mwisho aliyopewa na marehemu dada yake. Kilitosha gauni moja tu, bila shibiri ya ziada. Vifungo alipomweleza hali, Mwalimu alikataa kukipeleka kwa fundi mwingine.

"Kimelala kabatini miaka sita," alisema. "Nitashindwa kumsubiri Fundi wangu miezi michache?"

Siku ya kwanza mchezo ulimpima Fundi, kisha kwenye pembe ya kioo ikatokea namba ndogo: thelathini na nane. Fundi akacheza. Simu ikapiga makofi, nyota tatu za dhahabu zikawaka, na Vifungo naye akapiga makofi, pasi ikasahaulika juu ya suruali ya mtu.

Ikawa ndiyo desturi yao. Wateja waliowakuta wameinamia simu waliwatania.

"Wazee wazima mnacheza karata asubuhi yote hii?"

"Karata gani?" Vifungo alijibu. "Huyu anasomea udaktari. Mimi ndiye mgonjwa wake."

Ile namba ndogo ikawa thelathini na moja. Ikawa ishirini na nne, kisha kumi na tano. Vifungo aliifuatilia kama alivyofuatilia chaki yake, na kila iliposhuka alimshika mkewe bega. Picha nazo zilipungua kwenye kioo, jambo aliloliona ni la kawaida, maana meza ya kazi nayo hubaki nyeupe kazi zikikaribia kuisha. Kila Jumapili binti alipiga simu.

"Anapata nyota ngapi?"

"Tatu! Hajawahi kupata mbili."

Mwezi wa nne namba ilifika tatu. Vifungo akamwambia binti kwamba mama yake anamalizia, na kwamba mkasi sasa urudi mezani.

"Nisubirini Jumamosi," binti alisema. "Nataka niwepo akikata."

Lakini Jumamosi asubuhi Fundi aliamka na furaha, akauliza mwenyewe kitambaa cha Mwalimu kiko wapi, na Vifungo hakuweza kungoja. Alimtandikia kwenye meza kubwa ya chumba cha ndani, akampa mkasi, akatoka polepole kana kwamba kuna mtoto aliyelala. Binti alipoingia na mkoba wake, mkasi ulikuwa tayari unasikika.

"Ndiye huyo," Vifungo alimnong'oneza, uso unang'aa. "Msikilize. Hajasitasita hata mara moja." Akamkabidhi simu. "Na hii hapa. Ilianzia thelathini na nane, sasa zimebaki tatu."

Binti aliitazama ile namba. Akagusa kioo, zikatokea picha sita tu. Akafunua: kuku na kuku, kikombe na kikombe, ua na ua.

"Baba, hii ni ya watoto wa chekechea."

"Si ndiyo mwisho wake?"

"Ni mwanzo wake. Namba inatakiwa ipande. Ukishindwa inakurudisha chini, inakupa rahisi zaidi, mpaka ufike unapoweza. Hapo ndipo inakupa nyota, usije ukakata tamaa ukaacha kucheza."

Vifungo alikaa kwenye kiti cha wateja. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza nyota," binti alisema. "Kila Jumapili nilikuuliza nyota. Sikukuuliza namba."

Chumba cha ndani mkasi ukanyamaza.

Waliingia pamoja. Fundi alikuwa amevipanga vipande mezani, kingo zake zimenyooka kama zamani. Kifua kilikuwa sawa. Mgongo ulikuwa sawa. Vifungo akaanza kushusha pumzi, kisha akaona mikono ya gauni. Fundi alikuwa ameiweka mmoja juu ya mwingine, uso wa kitambaa juu, na ilifanana kabisa. Hilo ndilo lililokuwa kosa. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo, hakigeuziki.

"Huu wa kulia," Fundi alisema, akiugusa. "Na huu nao wa kulia."

Binti akaugeuza mmoja, mgongo wa kitambaa ukawa juu, akaurudisha.

"Namba ilikuwa inashuka," Fundi akaendelea. "Nilikuwa naona."

"Ulijua kwamba inatakiwa kupanda?" Vifungo aliuliza.

"Nilihisi. Picha zinapungua, na bado zinanishinda. Lakini wewe kila asubuhi ulikuwa unafurahi. Nikasema, mwenye kuhesabu humu ndani ni huyu. Labda yeye anajua, mimi ndiye niliyechanganyikiwa."

Binti aliinamia ukingo wa meza, machozi yanamdondoka, na mama yake akavuta kitambaa upande wa pili kisilowe.

"Hodi wenyewe!" Mwalimu aliita kutoka nje. Vifungo mwenyewe ndiye aliyekuwa amemwambia jana kwamba leo kinakatwa.

Alitoka kumlaki, akaliteremsha pazia la mlango nyuma yake.

"Mwalimu, nisamehe. Kitambaa kimeharibika. Nimekiharibu mimi. Niliweka pasi, ikawa na moto mno, na..."

"Usimsikilize huyo!" sauti ya Fundi ikatoka ndani. "Pasi haijawashwa leo. Nimekata mimi. Ingia uone mwenyewe."

Mwalimu akaingia. Fundi alimwonyesha kipande kwa kipande, kwa utulivu, kama fundi anavyomweleza mteja: hapa pazima, hapa pazima, hapa nimekosea. Mwalimu alishika mkono mmoja wa gauni, akaupitisha kati ya vidole vyake.

"Cha dada yako," Fundi alisema. "Sijasahau hilo. Nikisema nitakulipa kingine nitakuwa nakudanganya, maana hakuna kingine. Na mimi sikati tena."

Alisema hivyo bila kumtazama mumewe, akausukuma mkasi mpaka kwa binti, upande wa mpini.

Vifungo alikuwa bado amesimama mlangoni. "Nikuletee kiti, Mwalimu?" aliuliza.

Mwalimu akasema ndiyo, alete. Akakaa karibu na Fundi, mabega yao yamegusana, na hata jua lilipohama mezani hakuna aliyethubutu kukikunja kile kitambaa.