Doa Kwenye Kope

Mume wangu ni mpiga picha, na mama yake husema mwanawe hata tope atalitafutia upande mzuri.

Binti yetu alizaliwa bila doa. Wiki chache baadaye kidoti chekundu kikatokeza kwenye kope lake la kulia, kikavimba kama punje ya komamanga. Mama mkwe akasema ni pilipili nilizokula nikiwa mjamzito. Majirani wakasema doa litaisha lenyewe, nami nikashikilia hilo kwa sababu ndilo lililonipa usingizi. Mpaka jicho likaanza kufumbika.

"Ni mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi," daktari wa ngozi alituambia. "Si saratani, wala si pilipili, mama. Uvimbe wa aina hii mara nyingi hukua kwa miezi kisha hunywea wenyewe. Ila huu umekaa pabaya. Jicho likifunikwa, ubongo huzoea kutolitumia, na uvimbe ukija kuisha, kuona hakurudi. Bado unakua? Mna picha zake?"

Nilicheka. "Kwa picha, daktari, umefika!"

Mume wangu akatoa simu shingo upande. Picha zilikuwa tele, na katika kila moja kope lilikuwa safi kabisa. Alikuwa amelifuta doa kila mara, kama anavyowafutia wateja chunusi.

"Huyu ni mtoto mwingine?" daktari akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani immeze mume wangu.

"Sikutaka aje ajione hivyo," alisema, akimtazama mtoto. Hasira zangu zikaishiwa nguvu.

Ikabidi daktari aniamini mimi: mwezi uliopita jicho lilifunguka lote, sasa nusu. Akampima mtoto moyo, kwani dawa ya kusinyaza uvimbe hupunguza mapigo, kisha akaanzisha dawa hiyo ya maji, apewe akishashiba. "Na wewe baba, nitumie picha kila wiki. Usiguse kitu."

Mume wangu alipiga, akatuma. Mara nyingi niliona kidole chake kikielekea kwenye lile doa katika simu, kisha kikarudi.

Siku moja daktari akapiga simu, naye mkali. "Mwambie mumeo mchezo wa kufuta nilimkataza!"

Nilimtazama binti yangu mapajani. Doa lilikuwa limefifia kama rangi ya nguo iliyofuliwa sana.

"Hajafuta, daktari," nikasema. "Hapa nilipo, naangaliwa na macho mawili."

Baba mtu alikuwa mlangoni na kamera yake. Akaiweka chini, akalia.