Bua na Joka Lililopenda Bawaba

Bua hakuwa na farasi. Hakuwa na ndevu, wala glovu ya mkono wa kushoto, wala wimbo wa kumsifu, ingawa kila shujaa wa mfalme alikuwa na wimbo wake, hata yule aliyetumbukia kisimani. Kofia yake ya chuma ilikuwa ya marehemu mume wa shangazi yake, mtu wa kichwa kikubwa. Bua akigeuka, kofia ilibaki ikitazama mbele.

Alichokuwa nacho ni huyo shangazi, mhunzi wa mji, na shangazi alikuwa na balaa. Joka lilikuwa likivunja malango. Halikugusa nyumba wala mbuzi. Lilifuata vyuma vilivyotoka kwenye karakana ya shangazi tu. Mfalme akaamuru: ama kichwa cha joka kifike kasri kabla ya siku ya gulio, ama karakana ifungwe.

"Nitakwenda mimi," alisema Bua.

Shangazi alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Wewe? Juzi ulikimbizwa na bata!"

"Yule bata ana roho mbaya, shangazi."

"Na joka lina roho ya imani, siyo?"

Hata hivyo alimvika vazi la chuma, akampaka mafuta ya kondoo magotini, viwikoni, mabegani na kwenye mpini wa upanga, kama alivyopaka kila chuma chake. "Chuma bila mafuta ni kutu inayongoja zamu," alisema. "Haya, nenda. Ukiliwa, usije kunilalamikia."

Jua la mlimani liliyayeyusha yale mafuta, na Bua akawa ananukia kama mshikaki. Joka likatoka pangoni, kubwa kama ghala. Bua alichomoa upanga. Upanga ukateleza mkononi, ukaanguka miguuni pake. Joka likapanua kinywa. Hakikuwa na jino hata moja. Likaanza kumlamba.

"Acha! Acha, unanitekenya!"

Lilimlamba magoti, viwiko na mabega, kisha likacheua, likajilaza na kusinzia, shingo ikiwa kando ya upanga. Pigo moja tu, na karakana ingepona. Bua akauokota. Halafu akajitazama: palipopakwa mafuta palikuwa safi, pengine pote vumbi tupu. Akakumbuka malango. Yote yalikuwa yameng'olewa kwenye bawaba, na bawaba zote shangazi huzipaka mafuta ya kondoo.

Kulichinja zee lisilo na meno, tena usingizini, aliona ni kazi ya bucha. Akashuka mlima.

"Kichwa kiko wapi?" aliuliza shangazi.

"Kiko shingoni mwake. Shangazi, joka linafuata mafuta yako."

"Mafuta haya niliachiwa na baba mkwe!"

"Nalo linamshukuru marehemu. Tumwandikie mfalme. Tupake bawaba mafuta ya ufuta, na lile zee tulipelekee bakuli lake hukohuko mlimani."

Shangazi aliitazama mivukuto yake. "Yaani niandike kwa mkono wangu kwamba mimi ndiye niliyeliita? Na akiifunga karakana?"

"Atakuwa amemfungia mtu mkweli."

"Ukweli haupulizi moto, mwanangu."

"Basi nirudi nikalichinje? Bado limelala."

Shangazi alinawa mikono mpaka viwikoni, akavuta karatasi, akaandika yote bila kujitetea, isipokuwa sentensi moja kwamba hakuna mlango wake uliowahi kulia. Bua aliomba aandikwe "shujaa." Akaandikwa, kwa herufi ndogo sana.

"Mbona hazionekani?"

"Mfalme ana macho mazuri."

Aliyeyusha lakiri kwenye makaa, akaidondosha juu ya barua, na kwa kuwa hakuwa na pete ya muhuri, akaigandamiza kwa kichwa cha nyundo yake ndogo. Nje, tarishi wa mfalme alikuwa tayari juu ya farasi. Shangazi alimkabidhi barua, akaishikilia kidogo, kisha akaiachia.

"Kimbiza," alisema, "kabla sijabadili mawazo."